Penseli Ishikwe na Nani? Mamlaka ya Mwalimu na Ushirikiano katika Somo la Insha

Kila mara wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, tunakaa nao na kuzungumza juu ya yale waliyoyakuta shuleni. Katika somo la Kiswahili liko swali moja lisilokosa kuulizwa, ingawa huja kwa maneno mbalimbali. Mmoja husema, "Nilipomwonyesha mtoto la kuandika, aliandika vizuri, lakini insha ikawa yangu." Mwingine husema, "Nilipomwacha aandike apendavyo, insha ikawa yake, lakini haikusomeka." Wote wawili huuliza jambo lile lile: mwalimu amsaidie mwandishi mchanga kwa kiasi gani, na kwa amri au kwa mashauriano?

Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa karibu. Hatusemi juu ya insha zitungwazo ubaoni na darasa zima. Kazi hiyo ina taratibu zake, na viongozi vya mwalimu huieleza vya kutosha. Tunasema juu ya ule wakati mfupi ambapo mwalimu na mtoto mmoja wameliinamia daftari moja. Wakati huo haudumu ila dakika tano au sita, lakini humo mtoto hujifunza mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kuandika, na kama alicho nacho moyoni kinastahili kuandikwa.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa walimu wapya katika shule moja ya kijijini, tuliwapa watoto wa Darasa la V insha yenye kichwa "Siku Nisiyoisahau". Mtoto mmoja wa kiume aliandika hivi:

"Siku ya jumamosi mama arinituma mashineni kusaga mahindi. Nirikuta watu wengi. Mashine irizimika mafuta yamekwisha. Nirikaa mpaka usiku. Nikaogopa fisi. Bibi wa mandazi akanifunika kanga. Asubui mafuta yakaja nikasaga. Mama hakunipiga ariria."

Daftari lilirudi kwake likiwa na alama saba nyekundu. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, na mwalimu mkuu alitaka insha ya kusomwa hadharani. Tuliichagua hiyo, maana tuliona ina kisa. Lakini tuliona pia kwamba haina mwisho mzuri. Basi tukamwita mtoto mezani, tukachukua kalamu yetu, tukamwandikia: "Mama alifurahi mno kuniona nimerudi salama. Tangu siku hiyo nimejifunza kuwahi kufika mashineni." Tukamwuliza, "Si ndivyo?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Aliisoma vizuri, na watu wakapiga makofi. Mama yake alikuwapo. Baada ya shughuli tulimsikia akimwuliza mwanawe, kwa lugha yao ya nyumbani, kwa nini hakusema kwamba yeye alilia. Mtoto akamjibu kwamba mwalimu ndiye anayejua inavyotakiwa kuandikwa.

Jibu hilo halikuwa na lawama yoyote ndani yake, na hilo ndilo lililotutia fadhaa. Mtoto aliamini kwa moyo safi kwamba mwalimu, ambaye hakuwako mashineni wala nyumbani kwao, alijua kuliko yeye ni lipi lililotokea mama yake alipomwona mlangoni.

Kosa letu halikuwa kusahihisha. Neno "arinituma" lilistahili kusahihishwa, na tungalikuwa wazembe kama tungaliliacha. Kosa lilikuwa kwamba tulichukua mamlaka tuliyo nayo juu ya tahajia, tukayatumia juu ya machozi ya mama wa mtu. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa ile ile moja, na sauti ile ile, mtoto hakuweza kuona mpaka uliokuwa kati ya mambo hayo mawili.

Tulipokuwa wakufunzi tulijaribu kuwaepusha wanachuo na kosa hilo, nasi tukaingia katika jingine. Tuliwaagiza hivi: "Msiwaambie watoto la kuandika. Waulizeni tu." Mwanachuo mmoja alilishika agizo letu barabara, nasi tulikaa nyuma ya darasa tukimtazama. Alimwendea mtoto wa kike wa Darasa la VI aliyekuwa ameandika aya safi kabisa juu ya kuchota maji. Akaweka kidole chini ya sentensi ambayo yeye mwenyewe aliipenda, akasema kwa upole, "Hapa unaonaje?" Mtoto akaitazama sentensi, akamtazama mwalimu, akachukua kifutio akaifuta. Mwanachuo akashangaa, akahamia sentensi iliyofuata: "Na hapa unaonaje?" Ikafutwa na hiyo.

Mtoto yule hakuwa mjinga. Katika madarasa yetu mwalimu aghalabu haulizi asilolijua. Tangu Darasa la I mtoto amezoea kwamba swali la mwalimu ni mtihani, na kwamba mwalimu akirudi kuuliza juu ya jambo lililokwisha kujibiwa, basi jibu la kwanza lina kasoro. Isitoshe, amelelewa katika desturi ambayo mdogo habishani na mkubwa. Humwamkia mwalimu "Shikamoo", husimama anapojibu, na nyumbani ameambiwa kwamba mwalimu ni mzazi wake wa pili. Hayo ni malezi mema, wala hatupendi yaondolewe. Ila mwanachuo asidhani kwamba anaweza kuyavua mamlaka yake mlangoni kama mtu avuavyo viatu. Akinyamaza, kunyamaza kwake husomwa. Akisema "andika upendavyo", mtoto ataupeleleza uso wake apate kujua mwalimu apendelea nini. Mamlaka yaliyofichwa hayajaondoka. Yamekuwa magumu zaidi tu, maana sasa mtoto hana budi kuyabahatisha.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zetu zikuze kwa kijana akili ya kudadisi na hali ya kujiamini. Wako waliofasiri maneno hayo kana kwamba mwalimu ajifanye hajui kitu. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto hujiamini pale anapoona kwamba liko jambo ambalo yeye kweli analijua na mwalimu kweli halijui, na kwamba mwalimu yuko tayari kulikubali hilo mbele ya wenzake.

Mjadala huu haukuanza kwetu, na yafaa mwanachuo ajue wengine walifika wapi. Katika Marekani vyuo vikuu vingi vina vituo ambamo mwanafunzi huja na karatasi yake akasaidiwa na mtu mmoja, ana kwa ana. Wanafunzi wa huko ni watu wazima, lakini tatizo ni lile lile la watu wawili na karatasi moja. Mwaka 1984 Stephen North aliandika kwamba kazi ya msaidizi ni kumfanya mwandishi awe bora, wala si kuifanya bora karatasi iliyo mezani. Mwaka 1991 Jeff Brooks akaenda mbali zaidi: msaidizi aketi kando ya mwanafunzi, asiketi ng'ambo ya meza, na heri asiwe na penseli mkononi kabisa. Mafundisho hayo yalienea sana. Lakini mwaka 1995 Linda Shamoon na Deborah Burns waliyahoji. Walitoa mfano wa mabingwa wa muziki, ambao huwafunza wanafunzi wao kwa kuwaambia na kuwaonyesha waziwazi, na wanafunzi hao hawapotezi kitu kwa kuonyeshwa. Kwetu mfano ulio karibu ni wa mwanagenzi wa seremala. Fundi hamwulizi mwanagenzi anaonaje juu ya kushika randa. Humwonyesha, humrekebisha mkono, kisha humwachia ubao.

Kabla ya hao, mwaka 1988, Lisa Delpit, mwalimu Mmarekani mweusi, alikwisha kutoa hoja iliyo nzito kuliko zote. Alisema kwamba watoto wa nyumba zenye nguvu huingia shuleni wakiwa wanazijua tayari kanuni za lugha inayotakiwa huko. Mwalimu anayejizuia kuzitaja kanuni hizo kwa kisingizio cha uhuru hawadhuru watoto hao; anawadhuru wale wengine, ambao hawana mahali pengine pa kuzipata. Maneno hayo yalisemwa juu ya watoto wa Marekani, lakini hebu tuyatazame kwa macho ya hapa. Mtoto wa karani wa mjini husikia Kiswahili sanifu redioni na kukisoma katika gazeti la baba yake. Mtoto ambaye nyumbani kwao Kiswahili husikika siku ya mgeni tu hana wa kumwambia kwamba "asubuhi" ina h, isipokuwa wewe mwanachuo. Ukimwuliza "unaonaje?" juu ya h hiyo, umemnyima alichokuja kukitafuta.

Basi kwa maoni yetu swali la kiasi, yaani mamlaka mengi au machache, halina jibu kwa sababu limeulizwa vibaya. Linalofaa kuulizwa ni hili: katika jambo hili tunalolizungumza sasa, nani kati yetu wawili anayejua? Mamlaka yamfuate huyo. Insha moja ina mambo ambayo mtoto peke yake ndiye ayajuaye, yana mengine ambayo mwalimu anayajua na mtoto hayajui bado, na yako mengine ambayo hakuna ayajuaye mpaka yajaribiwe.

Yale ya mtoto ni yale aliyoyaona, aliyoyasikia, aliyoyaogopa. Hapo mwalimu aulize, lakini aulize asilolijua, na aseme wazi kwamba halijui. Lau tungeketi leo na mtoto yule wa mashineni, tungeacha kalamu nyekundu mezani, tukaanza na yule bibi. Na kwa jinsi tulivyosikia mazungumzo mengi ya namna hii baadaye, yangeweza kwenda hivi:

– Bibi wa mandazi ni nani? Mimi simjui.

– Huuza mandazi pale mashineni, mwalimu.

– Alijuaje kwamba unaogopa?

– Aliniona nimepanda juu ya gunia.

– Juu ya gunia?

– Ndiyo. Ili fisi asifikie miguu.

– Hilo sikulisoma humu.

– Sikuliandika, mwalimu.

Hapo mwalimu anyamaze. Kunyamaza huku si kama kule tulikokusema hapo juu, maana mtoto amekwisha kujua ni nini ambacho mwalimu hakukijua, na dawa yake anayo mwenyewe mkononi. Wengi huchukua penseli bila kuambiwa. Tazama pia kwamba maneno "Mimi simjui" ndiyo yaliyofungua mlango. Swali lile lile bila maneno hayo lingaliweza kusikika kama lawama: kwa nini umeandika juu ya bibi wa mandazi?

Kwa upande wa tahajia na sarufi mambo hugeuka. Hapo mtoto haoni kitu. Angaliona asingaliandika hivyo. Mwambie. Lakini kabla hujamwambia, lisome kosa lake kama unavyoisoma insha yenyewe. Jambo hili tunawiwa na Mina Shaughnessy wa City College ya New York. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa wote waliomaliza shule za sekondari za jiji, na wakaingia maelfu ya wanafunzi ambao walimu wengi waliwaona kuwa hawafundishiki, kwa wingi wa makosa yao. Shaughnessy alizisoma insha zao kwa maelfu, na katika kitabu chake cha mwaka 1977 akaonyesha kwamba makosa yale hayakuwa vurugu. Yalikuwa na mpango. Aliyekosea alikuwa akifuata kanuni fulani, ila haikuwa kanuni inayotakiwa.

Turudi basi kwenye alama zetu saba nyekundu. Moja ni ya jina la siku lisiloanzwa kwa herufi kubwa, nyingine ni ya h iliyokosekana. Tano zilizobaki zote zina r mahali pa l, na zote tano zimo mahali pamoja, yaani katika kiambishi cha wakati uliopita: arinituma, nirikuta, irizimika, nirikaa, ariria. Mtoto aliyerudishiwa alama saba ataona kwamba amekosa mara saba, na moyo utamvunjika. Kwa kweli jambo hili kubwa lilikuwa moja tu. Lingaliweza kufundishwa kwa dakika moja: "Tunaposema jambo lililokwisha kupita, tunaandika li. Daima ni l. Sasa pitia insha yako uzitafute li zako zote." Mtoto azitafute mwenyewe na azitengeneze kwa penseli yake. Neno la mwisho huenda likatoka "aliria", maana kiambishi amekiponya na mzizi bado. Hapo usicheke, wala usihesabu kosa. Ameifuata kanuni yako kwa uaminifu kamili, na sasa ndiyo nafasi ya kumwonyesha kitenzi "lia".

Ukitaka kumwonyesha mfano, andika katika karatasi yako mwenyewe au kwenye ubao, na utumie sentensi nyingine: "Baba alinipa", "Kuku walikimbia". Usiandike ndani ya sentensi yake. Hii ndiyo maana ya kichwa cha makala haya. Tumekubali shauri la Brooks kuhusu penseli, ingawa hatukubali yote aliyoyasema. Mwalimu anaweza kusema mengi, tena kwa uthabiti, na bado mtoto akabaki mwandishi, mradi tu mkono unaoandika ni wa mtoto. Mkono wa mwalimu ukiingia daftarini, mtoto huuondoa wake kwa adabu, na mara nyingi hurudi nyuma kidogo katika dawati. Watazameni watoto nanyi mtaliona jambo hilo.

Yafaa pia mwalimu ajue mamlaka yake juu ya lugha yametoka wapi, asije akadhani ni mali yake. Kiswahili sanifu ni mapatano. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule za Afrika ya Mashariki, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Wakati huo huo Mombasa kwenyewe watu walisema "ndia" kwa "njia" na "ndoo" kwa "njoo", na kwa lahaja hiyo yametungwa mashairi ambayo Waswahili wote huyaheshimu. Basi mtoto wa pwani ya kaskazini akiandika "ndia", usimwambie kwamba hajui Kiswahili. Huenda wewe ndiwe uliyejifunza Kiswahili kwa watu wa babu yake. Mwambie kwamba katika barua, mtihani na gazeti tumepatana kuandika "njia". Mtoto anayeelezwa hivyo hutii kanuni bila kudharau nyumba yao.

Na mamlaka yasiyo na hakika ni hatari kuliko kukosa mamlaka. Tumewahi kuona daftari ambamo mtoto ameandika "rafiki yangu", na mwanachuo amekata kwa wino mwekundu akaandika "rafiki wangu", kwa hoja kwamba rafiki ni mtu, na mtu huchukua upatanisho wa m-wa. Hoja yake ilikuwa na mpango, kama Shaughnessy angalivyosema, lakini katika Kiswahili sanifu majina ya namna hiyo, kama ndugu, rafiki na jirani, husema "yangu" katika kumiliki, ingawa kitenzi chake ni "amekuja". Mtoto alikuwa sahihi, akakatwa. Penye shaka mwambie mtoto, "Hili nitalitazama katika kitabu cha sarufi, kesho nitakujibu." Kesho mjibu kweli. Hatujapata kuona mwalimu aliyeshushiwa heshima kwa jambo hilo.

Liko lile fungu la tatu, la mambo ambayo hakuna ayajuaye mpaka yajaribiwe, nalo ndilo tunalolipenda kuliko yote. Mtoto aliandika, "Mama hakunipiga ariria." Tahajia ikishatengenezwa bado kuna kazi. Je, iwe "Mama hakunipiga, alilia"? Au nukta iwekwe kati: "Mama hakunipiga. Alilia"? Au sentensi hiyo ihamishiwe mwanzoni mwa insha, ili msomaji aanze kwa kujiuliza kwa nini mama huyo alilia? Sarufi inazikubali zote tatu. Mwalimu anajua kwamba njia hizo zipo, na huo ni ujuzi wake, autoe bila kusita. Lakini hajui ni ipi inayolingana na machozi yale. Basi zisomwe kwa sauti, moja baada ya nyingine, kwanza na mwalimu, kisha na mtoto. Mtoto achague. Akichagua ile usiyoipenda, iache. Huu ndio mtihani mkubwa wa mwalimu katika kazi hii, na tunakiri kwamba sisi wenyewe hatujaushinda kila mara.

Mwanachuo atauliza: yote hayo yatafanyika lini? Darasa la watoto 45 ni darasa dogo katika shule zetu nyingi. Madarasa yalifurika baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza mwaka 1977, yakafurika tena ada zilipoondolewa mwaka 2001. Kipindi ni dakika 40. Ukimgawia kila mtoto sehemu yake, hapati hata dakika moja. Kwa hiyo usijaribu kuwafikia wote. Chagua watoto watano kwa kipindi, kila mmoja dakika sita. Hizo ni dakika 30, na kumi zinakubakia za kuanza na kufunga somo. Kwa vipindi tisa utakuwa umeketi na kila mtoto mara moja. Ni mara moja tu, lakini wengi wamemaliza Darasa la VII bila hata hiyo.

Wengine 40 wasomeane wawili wawili. Hapa pana tahadhari. Mtoto aliyepewa mamlaka kwa dakika kumi huyatumia kama mnyapara: hukatakata, huandika "KOSA" kwa herufi kubwa, na huiga kalamu nyekundu ya mwalimu kwa uhodari wa kutisha. (Mwanachuo anayetaka kujua anasahihisha namna gani, na awatazame watoto wanaomwiga.) Wapeni kazi ndogo iliyo wazi: anayesikiliza amwambie mwenzake jambo moja aliloliona kwa macho ya moyo, na mahali pamoja alipopotea njia. Asiguse penseli. Makosa ya tahajia ayaache.

Juu ya alama tutasema kwa ufupi. Mwalimu yule yule aketiye na mtoto kama mshauri ndiye atakayekuja kumpa alama kama hakimu, wala hakuna ufundi wa kuliondoa hilo. Lililo baya ni kuvichanganya vyeo hivyo viwili katika kikao kimoja. Siku ya kuketi na mtoto usiandike alama. Siku ya kutoa alama, waambie mapema utatazama nini. Mahali ambapo watoto hawajui hakimu anataka nini, hukariri. Nchini Kenya, insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40 katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, na watoto wengi waliingia chumbani wakiwa na sentensi za kufungulia walizokwisha kuzihifadhi, zenye jua, ndege na mapambo mengine, zikabandikwa juu ya kisa chochote kile. Hatuwalaumu watoto hao. Walikuwa wamebahatisha uso wa hakimu.

Yako mambo machache ambayo hayana mashauriano. Insha inayomtukana mtoto mwenzake kwa jina haisomwi. Mwalimu aseme hapana, na atoe sababu, basi. Na itokeapo insha ikaeleza kipigo kinachomwumiza mtoto nyumbani, au jambo jingine la kumdhuru, hapo daftari si insha tena. Usilisahihishe tahajia, usilisome mbele ya darasa, usimwahidi mtoto siri usiyoweza kuitunza. Nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, ili afisa ustawi wa jamii apate habari. Kwa insha za kawaida utaratibu ni kinyume: kabla ya kuisoma yoyote hadharani, mwombe mwandishi ruhusa akiwa peke yake, na umpe siku moja ya kufikiri, kwa sababu ukimwuliza papo hapo atajibu kama alivyotujibu sisi yule mtoto, "Ndiyo, mwalimu."

Katika mazoezi ya kufundisha yanayokuja tumeongeza safu moja katika andalio la somo la insha. Baada ya majina ya watoto watano wa siku hiyo, mwanachuo ataacha nafasi mbele ya kila jina, na somo likiisha ataandika humo jambo moja ambalo mtoto huyo alimwambia na ambalo yeye mwenyewe alikuwa halijui. Si lazima liwe kubwa. Gunia na miguu ya mtoto linatosha. Wakufunzi watakapopita kukagua, wataisoma safu hiyo kabla hawajafungua madaftari.